Jani Alilotafuna Princess

Anande alipohamia nyumba yao mpya Kijenge, kitu cha kwanza alichotaka ni maua. Alikwenda kwenye kitalu kimoja kando ya barabara akachagua mimea miwili kwa macho tu. Ule wenye majani mapana yenye mabaka meupe aliuweka kwenye chungu barazani. Ule mrefu wenye maua ya pinki akaupanda pembeni ya ngazi. Muuzaji alimwambia yote miwili haisumbui, hata mbuzi hawaigusi. Anande akaona hiyo ni sifa nzuri.

Jumamosi moja mama mkwe wake, Hanna, alishuka kutoka Akheri na mkungu wa ndizi. Meshack, mume wa Anande, alikuwa porini na watalii, na simu yake haikupatikana. Wanawake hao wawili walikaa jikoni wakimenya ndizi, huku Princess, binti wa Anande aliyekuwa ameanza kutembea juzijuzi tu, akicheza barazani. Walimsikia akigonga kopo sakafuni. Kisha hawakumsikia tena.

Anande alimkuta ameketi, mdomo wazi, mate yakimchuruzika hadi kifuani. Midomo ilikuwa imevimba. Alikuwa analia, machozi yanatoka, lakini sauti haikutoka kabisa. Jani lililochanika lilikuwa mapajani mwake, na mkononi alishika maua ya pinki.

"Amekula nini?" Hanna aliuliza nyuma yake. Alipoona yale maua akashika kichwa. "Yesu wangu! Mbuzi wa jirani yetu walikula haya. Hawakufika jioni wakiwa hai."

Anande alimnyanyua mtoto.

"Lete maji ya chumvi, atapike," alisema Hanna.

"Hapana, mama. Tusimpe kitu. Twende hospitali."

Alikata tawi la kila mmea, akalifunga kwenye kanga, wakapanda bajaji. Njia nzima aliweka sikio kwenye kifua cha mtoto. Hakujua moyo wa mtoto unapaswa kudunda kwa kasi gani, na kila ulipobadilika, au alipodhani umebadilika, alimpigia kelele dereva aongeze mwendo.

Hospitalini, Daktari Lesian aliyageuza yale matawi mawili mezani.

"Hili la mabaka linachoma mdomo na kuvimbisha ulimi. Tukimsafisha na njia ya hewa ikabaki wazi, litapita. Hili la pili ndilo ninaloliogopa, maana linavuruga moyo. Alikula lipi?"

"Sijui," Anande alisema.

Walimbandika Princess nyaya kifuani. Mashine ikaanza kulia, na Anande akawa anapumua kwa kuifuata. Hanna alisali kwa Kimeru, kisha akasema bila kumwangalia Anande, "Ulinunua sumu ukaiweka anapochezea mtoto."

Anande alimfuta Princess mate shingoni.

Simu ikaita. Ni Meshack, kapata mtandao. "Mama Princess! Leo tumeona chui! Mko salama?"

Anande aliishusha simu mapajani. Hanna alimtazama, akaichukua simu ile. "Mwanangu, mimi ni mama yako," alisema. "Mtoto anaumwa. Mke wako yuko naye, hajamwacha hata dakika. Geuza gari, uje." Kisha akakaa karibu na Anande, bega kwa bega.

Daktari alikuwa ameokota vipande vya jani mdomoni mwa mtoto kwa koleo dogo. Vyote vilikuwa na mabaka. Hata hivyo hakuwaruhusu kuondoka, wala hakutaka kuwaahidi kitu. Saa zilipita. Uvimbe ulipanda, Princess akawa anapumua kwa mkoromo, wakamwekea hewa ya oksijeni. Ilipofika jioni uvimbe wa ulimi ulianza kupungua, na moyo haukuwa umeyumba hata mara moja. Maua yale Princess aliyachuma tu, hakuyatia mdomoni.

Asubuhi alikunywa maziwa ya baridi, akamwita baba yake kwa sauti iliyokwaruza. Meshack, mwenye vumbi hadi kwenye nyusi, alilia mbele ya manesi.

Nyumbani waling'oa mimea yote miwili wakaifukia shimoni. Daktari aliwakataza kuichoma, kwa sababu hata moshi wake ni sumu.

Mwezi uliofuata Anande alikwenda kwenye kitalu kingine. Alisimama mbele ya miche, mikono ameificha ndani ya kanga.

"Huu hapa, mtoto akiula?" aliuliza.

"Mh, huo sijui, dada."

"Na huu?"

Muuzaji alicheka kidogo. "Nani anakula maua?"

Anande aliondoka bila kununua hata mche mmoja.