Ukurasa wa Tatu

Watu wakiniuliza kwa nini siku hizi nimekuwa mkali kwa wateja wenye kelele, huwajibu kwamba ni uzee. Si uzee. Ni Mbuthia.

Mimi ni Kamene. Huu ni mwaka wa kumi na mbili nikiendesha mashine za uchapaji za Vasant, ghorofa ya kwanza, kwenye kichochoro kimoja karibu na River Road. Tunachapa kadi za harusi, kalenda, vitabu vya risiti, na zaidi ya yote programu za mazishi, maana hakuna familia Nairobi hii itakayokubali kumzika mtu wao bila kijitabu chenye picha za rangi. Nilikuwa na sifa moja niliyojivunia: sikai bure. Saa zote mkono uko kazini. Sifa hiyo ndiyo iliyoniponza.

Ijumaa hiyo nilifungua saa mbili kamili. Mbuthia alikuwa ameshafika mlangoni, mwanamume wa miaka arobaini na kitu, suti nyeusi, viatu vimepigwa rangi, karatasi mkononi.

"Habari ya asubuhi, madam. Ni programu ya Virginia, mazishi ya Mutuini. Ni mamangu."

Nilimwonyesha katoni juu ya kaunta. Vijitabu mia mbili, tayari tangu jana jioni. Mungai, mwana wa marehemu, alikuwa aje kuvichukua saa nne. Mbuthia akafungua kimoja ukurasa wa tatu na kuniwekea kidole: *Mama mpendwa wa Mungai, Anita na Ciru.* Kisha akanipa ile karatasi. Ilikuwa barua ya Mzee Ndegwa, mume wa marehemu, ambaye ndiye aliyeagiza kazi na risiti iko kwa jina lake. Mwandiko ulikuwa wa kutetemeka.

*Muweke Mbuthia kwanza. Virginia alikuja kwangu akiwa amembeba mgongoni, nikawapokea wote wawili. Ni wetu.*

"Niliona hiyo page kwa simu jana usiku," Mbuthia akasema. "Mzee akaniambia nikuje mapema."

Kazi yenyewe niliijua. Kuchapa upya nusu saa, kukunja na kupiga pini dakika ishirini. Saa tatu ingekuwa imekwisha na chai nimekunywa. Nikamwambia, "Kaa hapo. Dakika kumi tu nakushughulikia."

Nilisema dakika kumi kwa sababu nilisikia Zadock akipanda ngazi. Zadock alikuwa anafungua duka mtaa wa Satellite na alitaka vipeperushi elfu tatu. Duka lilikuwa linafunguliwa kesho, si leo, nami nilijua hivyo. Lakini Zadock huanza kugomba akiwa ngazi ya chini kabisa, na akifika juu jengo zima limeshajua shida zake.

"Kamene! Hiyo kitu yangu iko wapi? Mnanichezea? Mimi si mtoto!"

Debe tupu haliachi kuvuma, na mimi nikalitii debe. Nikaweka karatasi zake nzito kwenye mashine na kuanza.

Kisha Vasant, mwajiri wangu, akapiga simu kutoka kwa wauza karatasi. "Kamene, kubwa ya leo ni gani?"

"Ya Zadock. Elfu tatu."

"Sawa. Maliza hiyo."

Sikumtaja Mbuthia. Jina moja kwenye mstari mmoja, nani angeliita kazi kubwa? Na kwa vile mashine ilikuwa inajiendesha, nikakata kadi za wakili wa ghorofa ya tatu. Nikamtolea mama mmoja nakala za kitambulisho. Nikajibu ujumbe wa kamati ya harusi waliotaka ua jekundu liwe la pinki. Vitu vya dakika mbili mbili, na kila nilichomaliza kilinipa raha ya mtu anayefanya kazi. Mbuthia alikuwa kwenye benchi, barua yake juu ya goti. Saa tatu kasorobo akauliza kwa upole, "Madam, bado?"

"Zamu yako inafuata."

Nilimweka nyuma kwa sababu alikuwa mpole. Nasema wazi, kwa kuwa nimechoka kujidanganya kwamba ni shughuli zilizonizidi.

Ilipofika saa tatu na dakika ishirini nikatazama saa ya ukutani. Nikasimamisha mashine. Zadock akaruka. "Unazima nini? Bado elfu moja!"

"Zitangoja."

Nikatoa karatasi nzito, nikaweka nyepesi, nikafungua faili, nikaandika jina. Nikamwita Mbuthia asome. Alilisoma polepole, akasogea karibu zaidi na skrini, akasoma tena. "Ni hivyo," akasema.

Karatasi zilikuwa zimeanza kutoka nilipoona mtu mlangoni. Mungai. Amekuja nusu saa kabla ya wakati.

Alimwona Mbuthia, Mbuthia akamwona. Hawakusalimiana.

"Madam, box ya programu za mathe wangu iko wapi?"

"Nipe dakika arobaini. Baba yako ameagiza ukurasa mmoja ubadilishwe." Nikampa barua.

Akaisoma akiwa amesimama, akaikunja, akairudisha. "Baba hajalala siku nne. Leo sio siku ya kuanza hiyo story."

"Ni jina moja tu."

"Gari ya maiti imeshatoka mochari. Mimi nimepita hapa mbio. Sina dakika arobaini."

Akashika katoni. Nami, sijui nilipata wapi ujasiri, nikaishika upande wa pili. Tulisimama hivyo, kaunta katikati yetu.

"Risiti ni ya babako," nikasema.

"Na mama ni wangu."

"Mwachie, madam," Mbuthia akasema kutoka nyuma yangu. "Tusipigane leo."

Nikaachilia. Lau ningeanza saa mbili, Mungai angebeba katoni ile ile na jina likiwa ndani. Nilimtazama akishuka ngazi na nikajichukia.

"Nenda mazishini," nikamwambia Mbuthia. "Nitakuletea zote kabla majina hayajasomwa. Nakuahidi."

Nilichapa, nikakunja, nikapiga pini hadi vidole vikafa ganzi. Zadock aligomba mpaka sauti ikamkauka. Nikamtoa nje, nikafunga mlango wa Vasant mchana kweupe na kuondoka na katoni. Nikapanda matatu, lakini magari kwenye Barabara ya Ngong hayakusonga. Dagoretti Corner nikashuka na kupanda bodaboda, katoni mapajani, nikimhimiza dereva hadi akaniuliza kama nataka tuzikwe sisi.

Nilifika Mutuini saa saba kasorobo. Ibada ya kanisani ilikuwa imekwisha na watu walikuwa wamelizunguka kaburi nyuma ya nyumba, kila mmoja na kijitabu cha jana mkononi. Mzee Ndegwa alikuwa kwenye kiti mbele, kofia magotini. Mbuthia alikuwa nyuma kabisa, karibu na ua.

"Nimefika," nikahema. "Wacha nigawe sasa hivi."

"Majina yameshasomwa kanisani."

"Hata hivyo wacha niwape."

"Usigawe, madam." Alisema taratibu, kama mtu anayemtuliza mtoto. "Wakipata ya pili watashika zote mbili walinganishe. Watajua niliachwa. Sasa hivi wengi hawajui. Mama azikwe kwa amani."

Akachukua kimoja, akafungua ukurasa wa tatu, akautazama, akakitia mfuko wa ndani wa koti.

"Asante kwa kuharakisha," akasema.

Hakukuwa na kejeli ndani yake. Ningejua. Nilibaki na vijitabu mia moja tisini na tisa, kila pini mahali pake, hakuna kosa hata moja, na machozi yakanitoka mbele ya watu nisiowajua.

Mshereheshaji akafungua kijitabu chake na kuwaita watoto wa marehemu waje kutia udongo, akisoma jina kwa jina. Mungai akatangulia, akafuata Anita, kisha Ciru. Mzee Ndegwa akageuka kitini, akaangaza macho nyuma, akitafuta. Mshereheshaji hakuliona hilo. Akaita wajukuu. Akaita ndugu. Kisha wakaitwa majirani, na Mbuthia akaenda nao.