Nafasi Yangu Mpeni Kipofu

Jirani alidai kwamba alipomaliza chupa moja ya vidonge vya macho, alimwona sisimizi kwenye ukuta wa ng'ambo ya barabara amebeba punje ya sukari, akatambua hata kuwa ni sukari ya kahawia. Alipoulizwa mbona bado amevaa miwani, alisema hiyo ni ya vumbi.

Fundi viatu, mzee aliyeshonea barazani kwake, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamtuma mke wa mwanawe duka la dawa. Chupa ilichorwa karoti na jicho linalotabasamu. Muuzaji alisema ni lishe ya macho ya wazee, akarudisha chenji.

Daktari wa macho alikuwa ameshampima mzee, akakuta mtoto wa jicho pande zote mbili, akampangia Alhamisi ya upasuaji. Mkwe alipomtajia vidonge, daktari alisema lishe ni jambo jema, ale tu, ila ule ukungu hautolewi kwa karoti, na mzee akizidi kuchelewa kazi itakuwa ngumu.

Mzee akala vidonge. Wiki ya upasuaji ilipofika akatangaza kuwa anaona vizuri na hendi popote.

“Nafasi yangu mpeni kipofu,” alisema.

Na ushahidi alikuwa nao. Kikombe cha chai alikidaka bila kupapasa. Wapita njia aliwajua mmoja mmoja. Wateja hawakulalamika. Mume wa mkwe akasema mzee mwenyewe kasema anaona, sasa tumbishie?

Mkwe alikuwa mtu wa kutazama kuliko kusema, basi akautazama huo ushahidi. Kikombe, ni yeye mwenyewe aliyekuwa akikiweka mpaka mshikio uguse vidole vya mzee. Wateja nao, mwalimu alirudishiwa kiatu kimoja cheusi na kingine cha kahawia, akashukuru, akavivaa hadi darasani. Mwenye jozi ya pili naye akashukuru. Na wapita njia walimpa shikamoo kabla hawajafika barazani, sauti ikatangulia, mzee akaitikia, “Marahaba mwanangu, leo umependeza.” Hata muuza mkaa, mweusi tii kuanzia utosini, aliambiwa amependeza.

Mkwe akaona kwamba adabu ya mtaa mzima ndiyo iliyokuwa ikimfanyia mzee kazi ya macho, na ya kwake mwenyewe ndiyo iliyozidi.

Jumatano asubuhi akavaa gauni la njano, lile ambalo mumewe husema linaonekana hata umeme ukikatika, akatoka barazani, akasimama mbele ya mzee bila kumwamkia. Tangu aolewe hajawahi kufanya kitu kama hicho, na mdomo ulimwasha. Alikuwa amepanga kusubiri kidogo, mzee ashindwe kumtambua, kisha aseme, “Ni mimi, baba,” na kesho waende hospitali.

Mzee akaacha kushona. Akainua uso. Mtaani hapo ni mtu mmoja tu aliyezoea kuingia barazani kwake bila salamu, naye ni jirani, kwa kuwa ni rika moja na adabu iliwaishia zamani.

“Kaa,” akasema.

Mkwe hakukaa.

“Haya, simama, miguu ni yako. Huyu mkwe wangu yuko ndani?” Mzee akashusha sauti. “Nakwambia wewe kwa sababu ni mwongo mwenzangu. Vile vidonge vyako nimemeza mpaka nikicheua nasikia karoti. Sioni kitu. Hata wewe hapo nakuona kama shuka iliyoanikwa.”

Akapapasa sindano yake, akaichomeka kwenye soli isipotee.

“Naogopa kisu, bwana. Sasa hivi mwanga nauona. Wakikosea huko, je? Nikirudi hata huo sina? Na yule mtoto anavyonihangaikia, nitamwambiaje kwamba naogopa? Kesho akija kunichukua, mwambie umeniona kwa macho yako natia uzi kwenye sindano. Wewe una miwani, atakuamini.”

Gari lilipita, vumbi likaingia barazani. Mkwe alibana pumzi asikohoe.

“Utamwambia?”

Mzee akanyoosha mkono wapeane ahadi. Aliunyoosha pembeni kidogo, kuelekea kwenye nguzo, akauacha hapo hapo.

“Sema basi.”