Siku Walipouona Ugonjwa

Kila hospitali tuliyoingia niligombana na mtu mpaka mke wangu apewe kitanda. Orpah hawezi kusimama, mnaona? Basi wakampa, akalala, wakampima. Presha sawa. Moyo sawa. Damu haina malaria wala taifodi. Majirani zetu hapa Suna wakaupa ugonjwa jina lao, uvivu, na wale wenye huruma wakatuambia subira huvuta heri. Hiyo subira niliichoka.

Ulianza baada ya homa kali mwaka juzi. Akifua leo, kesho na kesho kutwa haamki. Siku moja alianguka jikoni, sufuria ya uji ikamwagika karibu na miguu ya Bosibori, binti yetu wa pekee. Ndipo tukampeleka mtoto Sindo kwa Joyline, dada yake Orpah. Tulimwahidi kwamba siku daktari atakapouona ugonjwa wa mama, tutakuja kumchukua. Tuliamini kwamba ukionekana, utatibika.

Homa Bay tulimpata daktari mwanamke, mpole, mkaidi. Alimlaza Orpah, akampima, kisha akamwambia, "Sasa simama. Egemea ukuta, usitembee."

"Daktari, huoni huyu ni mgonjwa?" nikamfokea.

"Naona, baba. Nataka kuona vile anakuwa akisimama. Nyinyi wote mmekuwa mkimpima akiwa amelala."

Orpah alisimama. Moyo wake ukaanza kwenda mbio kama wa mtu anayepanda mlima na mzigo, naye hajainua hata mguu. Midomo ikampauka. Daktari akamshika kabla hajaanguka.

"Tumeuona," akasema. "Si uvivu, mama. Mishipa ya fahamu inayoongoza moyo na presha haifanyi kazi vizuri. Na huo uchovu nao ni ugonjwa."

Orpah alilia kwa furaha. Nami nililia, sioni haya kusema. Nikauliza dawa.

Chumvi zaidi, maji mengi, soksi za kubana, kupumzika kabla hajachoka. Vidonge vya kutuliza moyo, huenda vikasaidia.

"Na atapona lini?"

"Wengine hupata nafuu. Kupona kabisa, siwezi kukuahidi."

"Naweza kuanguka tena jikoni?" Orpah akauliza.

"Unaweza."

Tulikuwa tumepanga kupitiliza hadi Sindo siku hiyohiyo kumchukua mtoto. Tukaketi kwenye benchi nje, Orpah ameinamisha kichwa magotini. Nilimwambia nitafunga duka letu niwe napika mimi. Akauliza tutakula nini. Nikaukasirikia ukuta.

Akampigia Joyline simu, ikachukuliwa na mtoto.

"Mama, daktari ameona ugonjwa?"

"Ameuona."

"Mimi nimeshavaa viatu. Nimekaa hapa mlangoni."

Orpah aliiondoa simu sikioni, akavuta pumzi, akairudisha.

"Vivue, mama," akamwambia. "Viweke vizuri, visichakae."