Tarehe Kwenye Saruji

Nancy aliziweka karatasi mbili mezani, akazisogeza mpaka zikagusana, kama mtu anayelinganisha viatu asivyoamini kuwa ni jozi moja.

"Mama Elieshi," alisema, "cheti cha kuzaliwa kinasema mama wa mtoto ni wewe, Tabea. Cheti cha ubatizo kinasema ni Anna, marehemu. Tumwamini nani, serikali au mchungaji?"

Alikuwa afisa ustawi wa jamii, binti mwenye adabu aliyenipa shikamoo kabla sijakaa. Sikuwa na la kumlaumu. Faili lile nililipanga mwenyewe. Miaka ishirini nimetunza kumbukumbu za chuo cha ufundi na sijapoteza hata barua moja. Kila kitu kilikuwemo: barua ya mtaa kutoka Kimandolu, vipimo vya afya, picha za nyumba ya mdogo wangu Gadiel na mkewe huko Denmark, ambao walikuwa tayari kumuasili Elieshi. Cheti cha ubatizo hakuna aliyekiomba. Nilikiongeza ili faili lishibe. Nikajichongea kwa unadhifu wangu.

"Mchungaji," nilisema.

Hakutegemea jibu fupi namna ile. Nikamweleza. Anna alikuwa mdogo wetu wa mwisho. Alijifungua Jumatatu, akafa Alhamisi. Wiki sita baadaye nilisimama dirishani kwenye ofisi ya vizazi na vifo, mtoto mgongoni, na karani mwenye haraka akauliza bila kuinua macho: jina la mama? Nikataja langu. Sikupanga kudanganya. Aliyembeba ndiye aliyeulizwa.

"Sasa itabidi uape kwa maandishi kwamba si wewe uliyemzaa," Nancy alisema. "Wakili aweke muhuri. Halafu Alhamisi ijayo umlete. Ana miaka kumi na mmoja, lazima tumsikilize, na lazima awe anajua." Akapunguza sauti. "Anajua?"

"Hapana."

"Basi mama, una wiki moja."

Figo zangu ziliacha kazi mwaka juzi. Jumanne na Ijumaa nafungwa kwenye mashine, na daktari wangu, mtu mkweli, haniahidi Krismasi mbili. Siku aliponiambia hivyo sikulia. Nilirudi nyumbani nikampigia Gadiel, nikamwambia aandae chumba. Elieshi naye nilimweleza: ugonjwa, na safari ya kwa mjomba. Ndivyo nilivyo. Bomba likipasuka natafuta fundi, sikai kuyatazama maji.

Lakini karatasi ile ya kiapo iliniweza. Wakili, kule Themi, aliniandikia jioni ileile, nikaondoka nayo niisome kwanza. *Mimi, Tabea, naapa na kuthibitisha kwamba sikumzaa mtoto aitwaye Elieshi.* Niliisoma jikoni nikiwa nimesimama, nikaikunja, nikaikunjua. Hapakuwa na wa kumsomea. Mtu pekee niliyekuwa nikimsimulia siku yangu kila jioni ndiye aliyekuwa ndani ya karatasi.

"Ni sahihi tu, dada," Gadiel alisema kwenye simu.

"Basi njoo uiweke wewe," nikamjibu, nikakata.

Jumamosi nilimpandisha Elieshi mlimani, kwa baba yangu, mzee Elihuruma. Anna amezikwa hapo nyumbani, ndani ya shamba la migomba, chini ya bamba la saruji. Baba mwenyewe alichonga jina na tarehe kwa msumari saruji ikiwa bado mbichi. Kila Krismasi tunapokwenda, Elieshi ndiye husugua kaburi la mama mdogo kwa brashi na sabuni, mpaka herufi zote zionekane.

Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno yangu kama taarifa ya kikao. Tulipofika, yeye alichuchumaa akaanza kung'oa majani pembeni mwa bamba.

"Elieshi, kuna jambo nataka kukwambia."

"La Anna?"

Hakusema mama mdogo. Akapitisha kidole kwenye mfereji wa namba, polepole. "Alikufa tarehe kumi na nne mwezi wa nane. Mimi nimezaliwa tarehe kumi na moja, mwezi huohuo, mwaka huohuo. Na babu alishasema alikufa kwa uzazi. Nilihesabu nikiwa darasa la tatu."

Nikachuchumaa kando yake.

"Mbona hukusema?"

"Niliona hutaki nijue," alisema. "Nikaacha."

Miaka miwili. Tulikuwa tukilala chumba kimoja, tukila sahani moja, kila mmoja akilinda mlango uleule kwa upande wake. Nilidhani niko peke yangu pale. Kumbe na yeye alikuwa hivyo, tena akiwa mdogo kiasi kile. Nilitaka kumwomba radhi, lakini mdomo wangu haujazoea.

"Mama," alisema, bado akiwa amechuchumaa. "Na wewe watakuweka upande gani?"

Kuuliza kavukavu namna hiyo amejifunza kwangu. Nikamwonyesha: kushoto kwa Anna, kabla ya ule mti wa kahawa uliopinda. Akainuka, akapima kwa hatua, midomo ikihesabu.

"Hatua nne kutoka kwenye mkahawa," alisema. "Lakini babu anasema atang'oa mikahawa yote ya upande huu apande parachichi. Wasiung'oe huu. Nikirudi nitapotea."

Jumatano wakili alinisogezea kalamu. Nilitia sahihi mara moja, akagonga muhuri, akaniuliza kama nina swali. Sikuwa nalo. Nje kulikuwa na jua na watu wengi wakielekea makwao. Nikasimama ukutani nikampigia baba kuhusu mkahawa.

"Ule umezeeka, mwanangu," alisema. "Hauzai."

"Najua, baba," nikasema. "Uache."