Shibiri Yangu

Tepu ya kupimia ni ya wanaojifunza. Wateja wangu wote wameyasikia hayo. Mimi napima kwa shibiri, kutoka ncha ya dole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, na gauni linakukaa utadhani ulizaliwa nalo. Mume wangu seremala ndiye aliyenitengenezea meza ya kukatia. Ukingoni akachonga alama, shibiri moja ya mkono wangu huu kutoka pembeni.

Basi wateja wakaanza kurudisha nguo. Hii fupi, ile inabana kwapani. "Fundi, umenishonea mimi au mdogo wangu?" muuguzi mmoja akaniuliza. Nikamrukia Mzee Punguza, muuza vitambaa, nikamfokea mbele ya wateja wake kwamba vitambaa vyake vinanywea.

"Mwanangu," akasema, "hicho kitambaa hata maji hakijayaona."

Nikarudi nimefura. Nikaweka dole gumba pembeni mwa meza, nikaunyoosha mkono. Kidole cha mwisho hakikufika kwenye alama. Nikajaribu tena. Wapi!

Vivimbe nilikuwa navyo tangu mwaka jana, vigumu, juu ya maungio ya vidole, na vingine vidogo vidogo vimezunguka kucha kama ushanga. Viungo vikiniuma asubuhi, nalaumu baridi na mkasi. Majirani walishaanza kukwepa kunipa mkono, nami nikawaona washenzi tu. Ile alama ndiyo iliyonitia hofu.

Hospitali wakakata kinyama kwenye kivimbe, wakakipima. Daktari akavuta kidole changu, kikarefuka. Alipokiachia kikanywea, ngozi ikajikunja.

"Ni ugonjwa adimu sana, mama. Hauambukizi, ila unakula mifupa kwenye maungio. Kilicholiwa hakirudi. Dawa ni ya kuokoa kilichobaki."

"Na isiponisaidia?"

"Uje haraka tubadilishe. Vidole havitasubiri."

Siku hiyo hiyo nikakwaruza mezani alama mpya kwa ncha ya mkasi, pale kidole kilipoishia. Kila asubuhi nikawa naweka mkono, mume wangu kasimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Imefika?"

"Imefika."

Halafu ikawa haifiki. Kwanza upana wa uzi, kisha wa punje ya mchele. Niliogopa kurudi kwa daktari, nikajidanganya kwamba dawa inachelewa tu. Hasira zote nikamshushia mume wangu: chai ya baridi, viatu sebuleni, hata anavyopumua.

Jana asubuhi ikafika. Ikafika kabisa! Nikapiga kigelegele mpaka watu wa duka la jirani wakachungulia. Mume wangu akacheka, lakini macho yake yalikuwa chini.

Nikainama niitazame vizuri alama yangu. Mbao pale ilikuwa nyeupe, imepigwa msasa. Kwaruzo langu lilikuwa limepinda. Hili lilikuwa limenyooka, kazi ya patasi, na lilikuwa limesogezwa kuelekea pembeni.

Mimi si mtu wa kumeza neno, nanyi mmeshanijua. Nikageuka nimpasulie. Vumbi la msasa lilikuwa bado kwenye nyusi zake.

"Imefika?" akauliza.

"Imefika, baba watoto," nikamwambia. "Sasa vaa viatu, unipeleke wakanibadilishie dawa."

Akaweka kikombe juu ya meza, akalia.