Kiranja na Kidonge cha Rangi

Peremende ilikuwa imeyeyuka mdomoni na mstari haujafika hata nusu. Kiranja wa afya akageuza uso kama mtu anayefuta jasho, akajipenyezea nyingine, kisha akaendelea na kazi. "Iii," akasema mwanafunzi aliyesimama mbele yake, meno nje. Safi. Anayefuata. "Iii."

Shuleni walimwita Kioo. Meno yake ya mbele yaling'aa kuliko ya walimu, na kila Jumatatu na Alhamisi alipita mbele ya kila mdomo, daftari kwapani, akikagua. Mwenye ukoga, ule utando wa njano unaoganda kwenye meno, aliandikwa jina na kutumwa bombani. Aliyeandikwa mara tatu aliitwa mbele ya shule nzima. Kwa kazi hiyo Kioo alipewa beji ya shaba, na beji hiyo aliisugua kila jioni mpaka ukaweza kujitazama ndani yake.

Jumatatu hiyo alimfikia msichana wa kidato cha kwanza waliyembandika jina la Chiriku, kwa kuwa maneno hayamwishi. Leo Chiriku alikuwa amebana midomo kama mfuko uliofungwa kwa kamba. Alipoifungua, ukoga ulikuwa umetambaa mpaka kwenye ufizi.

"Kila nikipiga mswaki natoka damu, dada," akanong'ona. "Naogopa. Hata wewe ungeogopa."

Kioo akatupa jicho kushoto na kulia kuona kama kuna aliyesikia. Halafu akaliandika jina, mara ya tatu sasa, na pembeni yake akaongeza neno ambalo hakuna aliyemtuma aliandike: mvivu.

Kwa nini alifanya hivyo? Kwa sababu siri aliyoisikia ilikuwa yake pia.

Wiki tatu nyuma aliona povu la waridi kwenye beseni. Alimkimbilia bibi yake, aliyemlea tangu hajaota hata jino moja. Bibi alimshika kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga wa dirisha, akachungulia. Mwenyewe alibakiwa na meno matatu, na aliyaita wajumbe, kwa kuwa hayakuwahi kukubaliana hata juu ya kipande cha mkate. Akasema, kwa utani wa bibi na mjukuu, kwamba mke mwenzake amepata kidonda, na nani mwenye akili zake hukwaruza kidonda? Mswaki uwekwe pembeni, ufizi upumzike, maji ya chumvi yatamaliza. Akayachemsha mwenyewe hayo maji, akayapoza kwa kuyapulizia.

Kioo akatii. Meno ya mbele, yale ya kuonekana na watu, aliyafuta kwa ncha ya kitambaa. Huko nyuma akaacha kidonda kipumzike. Hakikupumzika. Ufizi ulivimba ukawa mwekundu wa kung'aa, mto wa kulalia ukaanza kuamka na madoa ya damu, na ikaja harufu ambayo peremende iliifunika kwa dakika chache tu. Akawa anacheka huku amejiziba mdomo kwa kiganja. Rafiki zake wakasema ameanza maringo.

Sasa, mstari ulipokwisha, mwalimu mkuu alipanda ngazi akatangaza kwamba Alhamisi atakuja tabibu wa meno kutoka kliniki, na kidonge cha rangi. Unakitafuna, unasukutua, na popote penye ukoga panabaki pekundu. Wataanza walioandikwa mara tatu.

"Na baada yao kiranja wetu," akasema, "ili mwone mdomo unavyotakiwa kuwa."

Shule ikapiga makofi. Kioo naye alipiga. Asingepiga, wangemtazama.

Jumatano, wakila chakula cha jioni, Bibi alisafisha koo kama kawaida yake.

"Kitendawili."

"Tega."

"Ukuta wangu mweupe, nimeujenga juu ya tope jekundu, na kila siku mafuriko hupita."

Siku nyingine Kioo angejibu kabla Bibi hajafunga mdomo. Jioni ile alitazama sahani. Jibu alilijua, lilikuwa linampwita ndani ya shavu. Bibi akasubiri, akamwangalia, mwishowe akasema basi nipe mji, kama anavyodai kila mtegaji akishinda. Kioo akampa mji mzima, mji mkubwa, wala hakubishana. Bibi akaupokea bila kucheka.

Asubuhi alijifungia bafuni akauchukua mswaki kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu. Alisugua kwa nguvu, kama sufuria lenye masizi. Beseni likawa jekundu, naye akaacha kabla hajamaliza ya nyuma. Akaenda shule midomo imebanwa, akijibu salamu kwa kichwa.

Ukumbini alimkuta tabibu, mwanamke mfupi aliyekunja mikono ya koti, naye akamtaka apange vikombe vya maji mezani na kidonge kimoja kando ya kila kikombe. Vidonge vilikuwa vidogo na vya mviringo. Kioo akapapasa mfuko wa sketi. Peremende ilikuwa na ukubwa uleule. Kidonge kingebaki kiganjani, peremende ingeingia mdomoni, na hakuna ambaye angejua. Kwa wiki tatu alikuwa fundi wa mchezo huo.

Chiriku akaitwa. Hakuwa na mwenzake wa kuandikwa mara tatu. Alitafuna, akasukutua, akafungua. Mdomo mzima ulikuwa umetapakaa wekundu. Kicheko kikaanzia viti vya nyuma. Mmoja akasema amelamba rangi ya mlango. Mwalimu mkuu akafunua daftari.

"Na hapa kiranja ameandika: mvivu."

Chiriku hakulia. Alimgeukia Kioo akamtazama tu, kama mtu aliyekabidhi mzigo wake na anangoja kuona utapelekwa wapi.

"Sasa kiranja."

Kidonge kilikuwa kiganjani, peremende katikati ya vidole viwili. Hatua tano mpaka mezani. Kwenye ya tatu bado alikuwa hajui. Kwenye ya nne akaiachia peremende, ikadunda sakafuni, ikabingirika mpaka kwenye kiatu cha tabibu. Akatia kidonge mdomoni, akatafuna.

Alipofungua, tabibu alivuta shavu kwa kioo chake cha mpini mrefu. Mbele palikuwa peupe. Nyuma palikuwa pekundu kuliko kwa Chiriku, na damu ikichuruzika juu ya rangi. Waliokaa mbele wakaona. Hakuna aliyecheka.

Kioo akamgeukia mwalimu mkuu. "Si mvivu," akasema. "Aliniambia anatoka damu. Mimi pia natoka damu, nikaacha mswaki. Nikamwandika."

Tabibu akawaeleza wote kwamba damu ile, mara nyingi, huletwa na ukoga uliolala ukingoni mwa ufizi, na kuacha mswaki ni kuutandikia kitanda. Mswaki laini, taratibu, pale jino linapokutana na ufizi, asubuhi na kabla ya kulala. Damu itaendelea siku kadhaa, halafu itapungua. Na hawa wawili waje kliniki, maana ukoga ulioganda hautoki kwa mswaki.

Mwalimu mkuu alinyoosha mkono. Kioo akaifungua beji, pini ikamchoma kidole, akaikabidhi. Akaomba kalamu, akalifuta lile neno. Wakirudi kwenye viti, Chiriku akamnong'oneza, "Dada, hata kwa wekundu umetushinda wote."

Nyumbani Bibi alipoona mdomo mwekundu aliuliza nani kampiga. Kioo akamsimulia yote. Bibi akapitisha kidole juu ya ufizi wake, pengo baada ya pengo.

"Na yangu yalikuwa yanatoka damu," akasema. "Nikayapumzisha."

Asubuhi walisimama beseni moja, kila mmoja na mswaki mpya, Bibi akiwahudumia wajumbe wake watatu. Povu la Kioo likageuka waridi. Mkono ukasita. Bibi akamgusa kiwiko, asisimame. Akaendelea, taratibu, ukingoni, macho yamefumbwa.

"Meno na ufizi," akasema, povu mdomoni. "Nirudishie mji wangu."

Bibi akatema, akachungulia beseni.

"Damu ikikoma, mke mwenzangu. Kwa sasa bado ni wangu."