Mikono ya Mama Povu

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mama Povu, kwa kuwa kutwa nzima mikono yake ilikuwa ndani ya povu, akifua nguo za watu wasiofua. Alifua shuka za nyumba ya wageni, mashati ya makarani, na nepi ambazo wazazi wapya walimletea huku wameziba pua, utadhani mtoto ni wake. Kazi hiyo ndiyo iliyomsomesha binti yake wa pekee mpaka akawa mtu wa ofisi, na kazi hiyo hiyo ndiyo iliyomtia binti haya. Alipoolewa kwenye familia yenye uwezo, aliwaambia wakwe zake kwamba mama yake anafanya biashara ya nguo. Uongo wenyewe haukuwa mkubwa, lakini ulitosha kumweka Mama Povu mbali na nyumba ile. Binti alipiga simu mara mojamoja, na kila akiulizwa atakuja lini, kazi zilikuwa zimembana. Mama Povu alikula peke yake, akizungumza na redio, na siku nyingine alimjibu mtangazaji kwa hasira kama mtu aliyetukanwa.

Ndipo wakaja watu wa filamu. Mwanamume mwenye kofia aliingia uani akamkuta anaanika, na kabla hata ya salamu akampiga picha ya mikono. Walikuwa wanatengeneza filamu ya mfua nguo anayewashawishi wenzake waweke mabeseni chini mpaka tajiri wa kiwanda cha kufulia awaone kuwa ni watu. Nyota wao alikuwa anajulikana kila kona, na kuigiza alijua, hilo tusimnyime. Shida ilikuwa mikono yake. Ilikuwa laini kama ya mtoto mchanga, na kila walipoipaka rangi ya uchakavu, maji ya beseni yaliiosha.

"Uso wako hautaonekana," yule wa kofia alisema. "Tunataka mikono tu."

"Na mimi nitakuwa wapi wakati mikono iko huko?"

Akacheka sana, akidhani ni mzaha. Mama Povu hakuwa akifanya mzaha, lakini alikubali. Jambo moja lilikuwa limemwingia kichwani na halikutoka tena. Filamu za nyota yule kila mtu huzitazama, na binti yake pia angeitazama hii. Angeiona mikono iliyomsuka nywele na kumfunga kamba za viatu, angeijua, na angekuja. Hilo alilihifadhi moyoni, hakumwambia mtu.

Kiwanda cha kufulia walikijenga ndani ya ukumbi, kwa mbao na turubai. Wakati wa kula, wenye viti vyao walihudumiwa mezani, na waliobaki walikaa juu ya ndoo zilizopinduliwa wakisubiri zamu. Hakuna aliyetangaza utaratibu huo. Kila mtu alijua pake. Mwongozaji, bwana mmoja wa miwani na maneno mengi, alikuwa anamweleza Nyota maana ya filamu.

"Elewa kitu kimoja," alisema. "Tajiri hamnunui mtu mzima. Anachotaka ni mikono. Mwenye mikono hana habari naye."

Nyota aliitikia kwa kichwa, uso umemwiva kwa huzuni. Mama Povu alikuwa amekaa katikati yao, mikono imeshapakwa mafuta ili ing'ae mbele ya taa, akisubiri aambiwe afanye nini. Basi akaendelea kusubiri.

Walipomgeukia, walimpa shati. Mpambaji alikuwa ameshinda nalo asubuhi yote, akilitia jasho la uongo kwenye kola na masizi ya uongo kwenye mikono, mpaka likawa chafu kwa namna iliyomridhisha. Taa zikawaka, kamera ikasogezwa juu ya beseni.

"Fua!" mwongozaji akaamuru.

Mama Povu akafua. Taa alizisahau, kamera aliisahau, kwani uchafu ulikuwa mbele yake na yeye na uchafu ni maadui wa siku nyingi. Aliisugua kola, akaikamua, akairudia. Mwongozaji aliposema "Kata!" alikuwa anatabasamu. "Safi sana. Sasa tunarudia vilevile, kutoka upande ule." Kisha akalitazama shati.

"Uchafu wake uko wapi?"

Mama Povu alipigwa na butwaa. Katika maisha yake yote alikuwa hajawahi kuona mteja anayedai uchafu wake.

"Si umeniambia nifue?"

"Uigize kufua, mama! Uigize!"

Shati lingine la namna ile halikuwepo. Mpambaji alikaa chini akashika kichwa, na wale wa kwenye ndoo wakaangua kicheko ambacho walikimeza haraka. Mama Povu alijaribu kuigiza. Wapi! Mikono iliona doa ikakimbilia doa. Mwishowe walimletea shuka waliyoitia rangi isiyotoka, wakamwambia asugue apendavyo. Alisugua mpaka jasho likamchuruzika, doa limekaa pale pale linamtazama, naye akakasirika akazidisha nguvu, mishipa ikamtoka mikononi.

"Hiyo!" mwongozaji alinong'ona kwa furaha. "Hayo ndiyo mateso ya mnyonge!"

Mnyonge gani? Ilikuwa hasira ya fundi aliyeshindwa na rangi.

Walipomaliza, Nyota alimfuata pale alipokaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nyota alimshika mkono, akaugeuza, akaitazama mipasuko iliyoachwa na sabuni. "Inauma?"

"Kukiwa na baridi."

Ilikuwa muda mrefu Mama Povu hajaulizwa na mtu kama anaumwa popote, na yule aliyetamani amuulize hakuwa huyu. Alitaka kumwambia hivyo, lakini Nyota alishaitwa, akaondoka akifuta mafuta kwenye vidole vyake.

Filamu ilipotoka, mabango yalijaa mji mzima, na Mama Povu akampigia binti yake.

"Nenda kaitazame," alimwambia.

"Tangu lini wewe na filamu, mama?"

"Wewe nenda tu. Nenda na wenzako wa huko."

Yeye mwenyewe alikwenda peke yake, amevaa gauni lake la kutokea. Mikono yake ilipotokea ilikuwa mikubwa kuliko mlango wa nyumba yake, akashika kiti kwa nguvu. Kisha kamera ikapanda, ikaonyesha uso wa Nyota ukitiririka machozi, na ukumbi mzima ukatulia. Mwanamke wa kiti cha jirani alikuwa analia kwa kwikwi.

"Jamani, mikono ya yule dada," alisema.

"Ni yangu ile," Mama Povu alimwambia, akainyoosha kwenye mwanga wa filamu ili aione.

Mwanamke hakuitazama. "Sawa, mama," alijibu kwa upole, kama mtu anavyomjibu asiye na akili timamu, akahamisha mkoba wake upande wa pili.

Mama Povu aliirudisha mikono mapajani. Hilo halikumuumiza sana, kwani yule ni mgeni, angejuaje? Wake mwenyewe angejua. Alirudi nyumbani akaanza kuisubiri simu, akifua na simu imewekwa juu ya ukuta, akiifuta povu kila alipoishika kuona kama imeita.

Ilipoita, sauti ya binti ilikuwa ya kunong'ona, na nyuma yake maji yalikuwa yanamwagika kwa nguvu.

"Uko wapi, mwanangu?"

"Bafuni. Mama, tumeitazama. Nimekujua. Mikono ilipotokea tu, nimekujua."

Mama Povu alikaa kwenye ukingo wa karo la kufulia. Furaha ilimjaa.

"Nimelia, mama. Nimelia mpaka mama mkwe akaniuliza kulikoni."

"Ukamwambiaje?"

Maji yaliendelea kumwagika.

"Alikuwa anasema filamu nzuri, ila kwenye mikono wametia chumvi. Eti hakuna binadamu mwenye mikono kama ile." Alivuta kamasi. "Na mimi nikamwambia ni kweli. Nikamwambia ni rangi tu ile, wamempaka."

Huko mlango ukagongwa, sauti ya mwanamke ikauliza kama yuko salama. "Nakuja, mama!" binti alijibu kwa sauti nyingine, changamfu, ambayo Mama Povu hakuwahi kuisikia. Kisha akanong'ona tena. "Upo?"

"Nipo."

"Utanisamehe?"

Maneno yalimjaa mdomoni. Alitaka kumwambia kwamba Nyota, mtoto wa watu, alimwamkia mbele ya wote na kuushika mkono huu. Alitaka kupiga kelele. Aliyasikiliza maji yale yakimwagika kwenye nyumba asiyoijua.

"Funga bomba, mwanangu," alisema. "Maji yanapotea bure."

Bomba likafungwa. Sasa hapakuwa na kelele ya kumficha, na binti hakuweza kusema neno jingine. Mama Povu alimsikia akipumua kidogo, kisha simu ikakatika.